Kuruka Kutoka Kilomita 39 na Kuipita Sauti: Rekodi ni ya Nani, na Nani Alidedi Akiitafuta

Turudi nyuma kidogo. Jumapili, Oktoba 14, 2012. Hapa kwetu ilikuwa imegonga saa tatu usiku na dakika kadhaa. Kama ulikuwa na bando, basi ulikuwa umeganda kwa simu kama wengine, ukicheki msee amesimama kwa kingazi kidogo nje ya kibanda kinachoning'inia kwa puto, chini yake hakuna kitu ila dunia yenyewe, ikiwa imepinda kama mpira. Akapiga saluti, akasema anaenda nyumbani, akajiachilia. YouTube walihesabu watu milioni 8 wakitazama kwa wakati mmoja.

Huyo alikuwa Felix Baumgartner, mzaliwa wa Salzburg, Austria, mwenye miaka 43. Ukiuliza mtaani hadi leo nani aliruka kutoka juu zaidi duniani, wengi watakutajia huyo bila hata kufikiria. Na hapo ndipo wanakosea. Rekodi ya kwenda juu zaidi si yake, na imekuwa si yake tangu 2014. Lakini kuna nyingine ambayo hakuna mtu amemnyang'anya. Tulia tukupe rada yote, kwa sababu hii stori ina watu wengi kuliko wale ulioona kwa video.

Sauti hupitwa aje?

Msee wa kawaida wa parachuti huruka kutoka kwa ndege ikiwa kama mita 4,000 juu. Akianguka kifua kikiangalia chini, anafika karibu kilomita 200 kwa saa, halafu kasi inakwama hapo. Si ati dunia imeacha kumvuta. Ni hewa ya chini inamsukuma juu kwa nguvu ileile, wanatoka sare. Hata angeanguka siku nzima hangeongeza.

Kwa hivyo ukitaka kasi zaidi lazima hewa ipungue, na njia ya pekee ya kuipunguza ni kuipanda uiache chini yako. Pale Felix alikuwa, karibu kilomita 39 juu, presha ya hewa haifiki hata asilimia 1 ya ile ya usawa wa bahari. Unaanguka na hakuna wa kukushika. Hakuna hata upepo wa kukuambia unaanguka, nguo haipepei, masikio hayasikii kitu.

Kuna kitu kingine watu husahau. Sauti yenyewe haina kasi moja. Inategemea joto la hewa. Huku chini, siku ya nyuzi 15, sauti husafiri kama kilomita 1,225 kwa saa. Juu kule kwenye baridi inapoa, inashuka hadi karibu 1,085. Felix aliipita baada ya sekunde 34 tu. Ilipofika sekunde ya 50 alikuwa anaenda kilomita 1,357.6 kwa saa, yaani mara 1.25 ya kasi ya sauti. Kwa mwendo huo, kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama dakika 21, na hana gari. Ni mwili wake tu ndani ya suti.

Halafu hewa ikaanza kuwa nzito, ikamshika, na kasi ikashuka yenyewe. Hiyo breki ilikuja bila yeye kugusa kitu.

Noma iko wapi?

Iko pahali tatu, na moja ni mbaya kuliko zote.

Ya kwanza ni presha. Ukipita kama kilomita 19 juu, maji huchemka kwa joto la mwili wako. Mate kwa ulimi, machozi kwa jicho, unyevu kwa mapafu, vyote vinaanza kugeuka mvuke. Watu hupenda kusema damu inachemka. Si hivyo hasa, kwa sababu damu iko ndani ya mishipa na ina presha yake, lakini mwili unafura na unazima kwa sekunde chache. Ndiyo maana suti ya Felix, iliyoshonwa na kampuni ya David Clark ya Marekani, ilikuwa inajazwa hewa. Ukiivaa ikiwa imejaa, kukunja mkono tu ni kazi ya gym.

Ya pili ni ile sauti yenyewe. Ndege ikipita kasi ya sauti inakusanya mawimbi ya mshtuko. Hakuna aliyekuwa na uhakika yatafanya nini kwa mtu, ambaye ana mikono, miguu na kichwa, vyote vikipasua hewa kwa pembe tofauti.

Ya tatu ndiyo mbaya. Kuzunguka. Ushaona mtoto akichezesha pia? Sasa wewe ndiye pia. Ukianza kuzunguka mahali hakuna hewa ya kutosha, huna cha kushika. Ni kama kuogelea kwenye kidimbwi kikavu, unarusha mikono na hakuna kinachobadilika. Damu inakimbilia kichwani, macho yanajaa, unazima, na kama mwendo ni mkali ubongo unavuja damu. Na hii haikuwa nadharia, ilikuwa imeshampata mtu.

Mzee Kittinger na kamba ya shingo

Huyo mtu anaitwa Joe Kittinger, rubani wa jeshi la anga la Marekani. Miaka hiyo ndege zilikuwa zimeanza kwenda juu sana, na jeshi lilitaka kujua: rubani akilazimika kuruka huko, atafika chini akiwa hai? Badala ya kukisia, walitengeneza mradi wakauita Excelsior. Puto la heliamu, kibanda kilicho wazi kama kikapu, na Kittinger ndani.

Mara ya kwanza, Novemba 16, 1959, aliruka kutoka zaidi ya mita 23,000. Parachuti ndogo ya kumtuliza ilifunguka mapema, kamba yake ikamzunguka shingoni. Akaanza kuzunguka mara 120 kwa dakika, akazima kabisa. Kilichomwokoa ni kifaa kilichofungua parachuti ya akiba chenyewe alipofika chini. Alizinduka akiwa ananing'inia, mzima.

Wewe ungerudi? Mzee alirudi ndani ya mwezi mmoja. Halafu akarudi tena Agosti 16, 1960, safari hii mita 31,300. Akiwa njiani kupanda, glavu ya mkono wa kulia ikakataa kushika presha. Mkono ukafura hadi ukawa karibu mara mbili. Akanyamaza, hakuwaambia wa chini, kwa sababu alijua wangemshusha. Aliwaambia akiwa karibu kufika juu, akaruka na mkono huo huo. Alianguka kwa dakika 4 na sekunde 36, kasi ikafika kilomita 988 kwa saa. Hakuipita sauti, lakini rekodi yake ya kwenda juu ilikaa miaka 52. Mkono ulirudi sawa baada ya saa chache.

Halafu akaenda vita vya Vietnam, ndege yake ikaangushwa, akakaa mateka miezi 11. Mwaka 1984 akavuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa puto. Huyu mzee, manze, alikuwa wa kiwango kingine.

Waliokosa kurudi

Miaka 52 si kwamba watu walilala. Walijaribu.

Novemba 1, 1962, Wasovieti wawili walipanda na puto moja. Yevgeni Andreyev aliruka kwanza, kutoka mita 25,458, akaanguka mita 24,500 bila parachuti yoyote ya kumtuliza, akatua salama. Mwenzake Pyotr Dolgov alipanda zaidi, hadi mita 28,640. Akitoka, kioo cha helmeti yake kikagonga kibanda. Kikapata ufa. Ufa tu. Presha ikatoka, na parachuti ikashusha mtu ambaye hakuwa hai tena.

Kisha kuna Nick Piantanida, dereva wa lori kutoka New Jersey. Hakuwa mwanajeshi wala mwanasayansi. Aliamua tu kwamba Mmarekani anafaa kuwa na hiyo rekodi, na kwamba Mmarekani huyo ni yeye. Februari 2, 1966 alifika mita 37,600 hivi, juu kuliko mtu yeyote kabla yake kwa puto. Alipotaka kuruka, mpira wa oksijeni uliomfunga kwa kibanda ukakataa kuchomoka. Ebu fikiria: umefika, mlango uko wazi, na unazuiwa na kifungo kimoja. Wa chini wakakata puto, akashuka na kibanda kwa parachuti. Mei 1 akajaribu tena. Akiwa kama mita 17,000 juu, wenzake wakasikia kwa redio hewa ikitoka kwa suti. Wakamshusha haraka, lakini ubongo ulikuwa umekosa oksijeni muda mrefu. Hakuamka tena. Alifariki Agosti mwaka huo.

Na ya Michel Fournier, Mfaransa aliyekuwa kanali wa jeshi, hii sijui ucheke au ulie. Alitumia miaka mingi na pesa zake kujiandaa. Mei 27, 2008, huko Saskatchewan, Kanada, kila kitu kikiwa tayari, puto likachomoka likaenda zake. Yeye akabaki chini na kibanda, akiliangalia likipotea.

Felix mwenyewe alikuwa amehepa

Hii sehemu huwa haisemwi sana. Felix hakuwa mwoga. Aliwahi kuwa mwanaparachuti wa jeshi la Austria. Mwaka 1999 aliruka kutoka minara ya Petronas kule Kuala Lumpur, na mwaka huo huo kutoka kwa mkono wa ile sanamu ya Yesu ya Rio de Janeiro. Mwaka 2003 alivuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa akiwa na bawa mgongoni, bila injini.

Lakini ile suti ilimshinda. Ukifungiwa ndani unasikia pumzi yako pekee. Saa moja, mbili, tano. Felix alianza kuogopa kufungiwa, hofu ile ya kukosa hewa hata kama hewa iko. Ikafika mahali mwaka 2010 akaacha mradi, akapanda ndege akarudi kwao. Mradi mzima wa Red Bull Stratos umejengwa kwa jina lake, na yeye hawezi kuvaa nguo. Waliomrudisha walimletea mwanasaikolojia wa michezo, Michael Gervais, wakaanza pole pole: vaa kidogo, vua, vaa zaidi. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu ngumu kuliko kuruka kwenyewe, kwa sababu hapa hakuna kamera wala makofi.

Mwaka 2012 alifanya majaribio mawili. Machi aliruka kutoka mita 21,800, Julai kutoka mita 29,400 na kitu. Oktoba 9 ikawa siku yenyewe, akavaa, akakaa kwa kibanda, na upepo ukalipinda puto likiwa bado ardhini. Wakasitisha. Hilo puto ni plastiki ya unene wa milimita 0.02, nyembamba kuliko karatasi ya mkate, na likishajazwa halirudiwi. Likatupwa. Likatolewa lingine la akiba.

Siku yenyewe

Asubuhi ya Oktoba 14, Roswell, jimbo la New Mexico. Kwa bahati, tarehe hiyo hiyo mwaka 1947 ndipo Chuck Yeager alikuwa mtu wa kwanza kuipita sauti akiendesha ndege. Miaka 65 kamili.

Dakika za kwanza za kupanda ndizo zilizowatoa jasho wahandisi. Puto likipasuka karibu na ardhi, Felix hana muda wa kutoka wala parachuti ya kibanda haina nafasi ya kufunguka. Walipopita hapo, wakapumua.

Sauti ya pekee iliyokuwa ikizungumza naye kwa redio ilikuwa ya mzee Kittinger, sasa akiwa na miaka 84. Felix alitaka iwe hivyo. Ukiwa kilomita 39 juu, unataka kusikia mtu ambaye aliwahi kusimama mlangoni.

Njiani, ngori. Felix akasema kioo cha helmeti hakipati joto, kila akipumua kinaingia ukungu. Kumbuka Dolgov na kioo chake. Kama kingeganda, angeanguka kilomita 36 bila kuona kama anazunguka au ametulia, bila kuona ardhi. Chini wakajadiliana kama wamshushe. Wakaamua waendelee.

Baada ya kama saa mbili na nusu za kupanda, Kittinger akamsomea hatua moja moja: fungua hiki, chomoa kile. Mpira wa oksijeni uliomshinda Piantanida ukachomoka. Mlango ukafunguka. Mzee akamwambia malaika wao mlinzi atamtunza.

Akaruka. Ikawa sawa, ikawa sawa, halafu akaanza kuzunguka. Kama uliiona laivu unakumbuka: kitu cheupe kidogo kikigeuka geuka, na wa chini kimya. Alifika karibu mara 60 kwa dakika. Alikuwa na parachuti ndogo ya dharura ambayo ingefunguka yenyewe kama nguvu ya mzunguko ingepita kiwango fulani kwa sekunde 6 mfululizo. Ingemwokoa, lakini ingeua rekodi ya kasi, na yeye alijua. Akangoja. Hewa ilipoanza kuwa nzito akapata cha kushika, akatumia mikono na mwili kujinyoosha. Pia ikasimama.

Alianguka dakika 4 na sekunde 20 hivi, akafungua parachuti kama mita 1,500 juu ya ardhi, akatua kwa miguu, akapiga magoti na kuinua ngumi. Kutoka mlangoni hadi mchangani ilikuwa dakika kama 9.

Mbona namba hutofautiana?

Ukitafuta mtandaoni utapata mita 39,045 na kasi 1,342. Hizo ndizo zilizotangazwa siku ile. Baada ya vipimo kukaguliwa vizuri, shirikisho la michezo ya angani, FAI, likaandika mita 38,969.4 na kasi ya kilomita 1,357.6. Yaani alishuka kidogo kwa urefu, akaongezwa kwa kasi. Tumia hizo za mwisho ukibishana na wasee.

Kingine: hakuruka kutoka anga za nje. Mpaka unaotumiwa sana wa kusema umefika huko ni kilomita 100. Yeye alikuwa kwenye stratosfia. Na rekodi rasmi ya kupanda na puto hakuipata, ingawa alipanda juu kuliko wote, kwa sababu sheria inataka utue nalo. Hiyo imebaki ya Malcolm Ross na Victor Prather, mita 34,668, Mei 4, 1961. Walitua salama baharini. Prather akateleza akivutwa na helikopta, suti ikajaa maji, akazama. Baada ya kilomita 34, manze.

Kuna aliyeuliza pia hii yote ni ya nini, kando na kuuza soda. Daktari mkuu wa mradi alikuwa Jonathan Clark, aliyewahi kuwa daktari wa NASA. Mke wake, mwanaanga Laurel Clark, alikufa Februari 1, 2003 wakati chombo cha Columbia kilipovunjika kikirudi duniani. Alitaka kujua kama binadamu akitoka kwenye chombo juu kule, kwa kasi ile, anaweza kushuka akiwa hai. Felix alimpa jibu la sehemu ya hilo swali.

Halafu akaja yule wa kimya

Oktoba 24, 2014, Roswell hiyo hiyo, miaka 2 na siku 10 baadaye. Alan Eustace, makamu wa rais wa Google, miaka 57. Hakuna matangazo, hakuna laivu. Hakuna hata kibanda. Alifungwa moja kwa moja chini ya puto akiwa ndani ya suti, akaning'inia kwa saa mbili hivi kama mzigo, hadi mita 41,419. Kifaa kidogo cha mlipuko kikamkatia kamba. Akaanguka, akapita sauti, mara 1.23, kilomita 1,322 kwa saa. Watu waliokuwa chini walisikia mlipuko wa sauti. Dakika 15 baadaye alikuwa ardhini.

Tofauti ni kwamba Eustace alitumia parachuti ndogo ya kumtuliza asizunguke. Felix hakuitumia. Ndiyo maana FAI huziweka rekodi kando kando: kuruka kutoka juu zaidi ni ya Eustace, kasi kubwa zaidi ni ya Felix, na umbali mrefu wa kuanguka bila parachuti hiyo, mita 36,402.6, pia ni ya Felix. Na muda? Zile dakika 4 na sekunde 36 za Kittinger za 1960, hakuna kati yao wawili aliyezifikia. Eustace alikomea dakika 4 na sekunde 27. Ukienda kasi sana unafika mapema, ndiyo hivyo.

Mzee Kittinger alifariki Desemba 2022, akiwa na miaka 94. Felix alifariki Julai 17, 2025, akiwa na miaka 56, alipoanguka akirusha paraglaida ya injini huko Porto Sant'Elpidio, Italia. Kibanda chake na ile suti iliyomfukuza hadi nyumbani mwaka 2010 viliingia kwa makavazi ya Smithsonian kule Marekani, na suti ya Eustace pia iko kwao.